Nukta Nyekundu Juu ya Majivu

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, lakini nusu tu. Nusu ninayoisimulia ni ya kuchekesha: paka wa bibi yangu kule Kirua Vunjo alivyokuwa akirukia ukuta kukamata taa nyekundu, na bibi alivyocheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Watu hucheka, nami hucheka nao, kisha nageuza mazungumzo. Nusu ya pili sijamwambia mtu wa nyumbani kwangu hata mmoja. Naona aibu hata sasa, na nimeshakuwa mtu mzima mwenye mvi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Sisi tulikaa Rau, chini mjini kwenye joto, na likizo ya katikati ya mwaka baba alinipeleka mlimani kwa mama yake. Bibi alikuwa amevimba goti, babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba alisema hawezi kulala vizuri akijua mama yake anachechemea peke yake kwenye matope. Mimi sikutaka kwenda. Wenzangu walibaki mjini wakikaa kwenye vibanda vya video na kusukana nywele, mimi nikavalishwa sweta la mtumba lililonifika magotini na kupandishwa gari la Kirua. Kilichonituliza kilikuwa mfukoni.

Mjomba wangu alikuwa na meza ya vitu vidogo vidogo Pasua. Miaka hiyo vitu vya Uchina vilikuwa vimeanza kumwagika sokoni, kila wiki kuna kipya: saa zinazoimba, kalamu zenye redio, vioo vya kukunja. Safari hii alikuwa ameletewa vitochi vya leza, vidogo kama kidole, vyenye mnyororo wa funguo na betri za saa ndani. Ukibonyeza, nukta nyekundu inatokea ukutani, hata ng'ambo ya barabara. Alinipa kimoja, akaniambia nisimmulike mtu machoni. Kuhusu wanyama hakusema kitu.

Mtu asiyekujua kwetu akisikia baridi ya Kilimanjaro hufikiria theluji. Baridi ya vijijini haina uzuri huo. Ni ukungu unaokaa migombani tangu asubuhi mpaka jioni, ni manyunyu yasiyotaka kuwa mvua, ni nguo zinazoanikwa Jumatatu na kuanuliwa Ijumaa zikiwa bado mbichi. Saa nane mchana ndani ya jiko la bibi giza lilikuwa limeshaingia. Jiko lenyewe lilikuwa nyumba ya zamani ya udongo: upande mmoja ng'ombe, upande wa pili mafiga, na juu ya moto kuna dari ya miti inayohifadhi mahindi ya mbegu. Bibi alikuwa na nyumba ya bati na saruji waliyomjengea wanawe, lakini wakati wa baridi aliitumia kulala tu. Maisha yalikuwa jikoni.

Paka alikuwa wa kazi. Kwetu paka hakuwa wa kuchezewa. Aliwekwa kwa ajili ya panya wa darini, akapewa maziwa kidogo kwenye kifuu, basi. Bibi hakumpa hata jina, alimwita "wewe". Wakati wa baridi alijikunyata pembeni mwa mafiga siku nzima, na usiku akapanda darini kufanya kazi yake.

Siku ya pili nilimmulikia nukta kwenye ukuta wa udongo. Aliinua kichwa. Niliisogeza, akasogea. Niliipandisha, akaruka na kuukumbatia ukuta kwa miguu minne, akateleza chini na udongo wake. Bibi alikuwa anamenya ndizi za mtori, akauliza ana nini huyo, ameingiwa na pepo? Nikamwonyesha kitochi. Alikigeuzageuza, akaogopa kukibonyeza, akanirudishia na kuniambia nifanye tena. Nikafanya tena. Bibi alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka, akasema laiti babu yako angeliona hili.

Tukawa tunafanya hivyo kila alasiri. Jirani akija, bibi alinitaka nimwonyeshe na yeye.

Huyo jirani lazima nimweleze vizuri, maana bila yeye kisa hiki ni cha paka tu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mke wa binamu yake baba, kihamba chao, yaani shamba lao la migomba, kinapakana na cha bibi. Ng'ombe aliyekuwa jikoni mwa bibi alikuwa wake. Ni desturi ya kwetu: mwenye ng'ombe humweka kwa mwenzake amfugie, mfugaji anapata maziwa na mbolea, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Wengine huwekeza kwa ajili ya mali. Huyu alimwekea bibi baada ya babu kufa, ili mjane yule asikose maziwa, na ili yeye apate sababu ya kupita kila siku. Tangu goti lilipovimba, ndiye aliyeleta majani. Alishuka bondeni alfajiri, akakata, akapanda na mzigo kichwani, akautua mlangoni, akaingia, akanywa chai, wakazungumza Kichagga cha haraka nisichokielewa nusu yake. Bibi hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini niliyejibu kwa Kiswahili.

Kosa pekee la paka lilikuwa vifaranga. Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, aliingia kwa jirani akatoka na viwili. Jirani alikuja amefura, akasema mbele yetu sote kwamba akimkuta tena bandani kwake atammwagia maji ya moto. Bibi akasema paka ni paka. Wakacheka, chai ikanywewa, ikaisha hapo.

Jumamosi moja bibi alijikongoja kwenda kusali kwenye jumuiya, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaniacha niangalie chungu cha maharage. Alipofika mlangoni aligeuka akaniambia nisimchezeshe paka karibu na moto. Hakusema kwa ukali. Nikamwitikia.

Ilikuwa siku ya nne ya manyunyu mfululizo. Kitabu nilichokuwa nacho nilikuwa nimekimaliza mara mbili. Nilimmulikia paka ukutani, akaruka. Sakafuni, akakimbia. Mgongoni mwa ng'ombe, akapanda, ng'ombe akampiga mkia. Nilichoka. Nikaanza kujiuliza kama kuna mahali asipoweza kuifuata ile nukta.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba mkono uliteleza. Haukuteleza. Niliipeleka nukta taratibu mpaka kwenye majivu mbele ya mafiga, pale ambapo bibi huvuta makaa na kuyafunika ili yasizimike, na nikaiacha pale. Majivu yalikuwa meupe, yametulia. Nilijua chini yake kuna nini, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimechoma ndizi humo humo. Paka aliitazama nukta, akatikisa makalio kama wanavyofanya kabla ya kuruka, na nilikuwa na muda wa kuachia kitufe. Sikukiachia. Nilitaka kuona.

Aliingia kwa miguu ya mbele na kifua. Sauti aliyoitoa sitaieleza. Alipita mlangoni katikati ya wingu la majivu, akapotelea migombani, na jiko likabaki linanuka manyoya. Nilitoka kumwita. Niliita huku nalia, kwa hasira zaidi kuliko huruma, hasira kwamba jambo dogo la mchezo limegeuka hivyo. Kisha nikarudi ndani, nikafagia, nikayarudisha makaa na majivu mahali pake, nikakoroga maharage.

Paka alirudi kesho yake baada ya misa, anatembea kwa viwiko. Nyayo za mbele zilikuwa zimechubuka, kifua kimekuwa chekundu. Bibi aliketi chini palepale kwenye matope na goti lake bovu, akampakata yule mnyama aliyekuwa akimwita "wewe". Akauliza ni nani amefanya hivi. Halafu akaniangalia mimi.

"Jana ulikuwepo," alisema. "Ulisikia nini?"

Nikamwambia nilimsikia paka akilia kutoka upande wa kule. Nikanyoosha kidole kwenye mpaka wa kihamba cha jirani. Sikulitaja jina lake, na kwa siku kadhaa nilijifariji kwamba basi sikumsingizia mtu. Nilikuwa na akili ya darasani, nilijua kupanga maneno.

Bibi aliinuka, akachukua fimbo, akaenda mpakani. Nilibaki na paka mapajani. Nilisikia sauti yake, kisha ya jirani, kisha zote mbili kwa pamoja, na ingawa Kichagga changu kilikuwa kibovu, neno la maji nilielewa, na la moto. Bibi alirudi, akaiegemeza fimbo mlangoni. Alimpaka paka samli na asali, akachana kanga ya zamani kumfunga nyayo.

Kesho yake majani hayakuletwa. Nilishuka bondeni mimi, na mundu nisioujua, nikarudi na mzigo ambao ng'ombe aliumaliza kabla sijakaa. Nikakata migomba iliyokwisha kuzaa, nikaikatakata, akaila shingo upande. Maziwa yakapungua. Bibi akawa anapika mtori bila kuuonja. Alasiri alikaa akiutazama mlango, na kila nyayo zikisikika njiani aliinua uso, kisha akarudi kutazama moto. Hakuniambia tena nimwonyeshe ile taa, na mimi nilikuwa nimeitumbukiza chooni.

Kijijini habari ilienea. Watoto waliokuwa wanachota maji kwenye mfereji walianza kumwita yule mama Maji ya Moto. Alipita akiwa na ndoo kichwani, wao wakaimba jina nyuma yake. Nilikuwa pale, na dumu langu. Alinitazama, nikainama kufunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Halafu ikasemwa kwamba mume wa jirani atakuja Jumamosi kumchukua ng'ombe wao. Alikuwa na haki. Kuchukua ng'ombe uliyemweka kwa mtu ni kuwaambia watu wote kwamba undugu umekwisha, na bibi alilijua hilo kuliko mimi. Usiku wa Alhamisi nilimsikia anasali rozari, akifika mahali anakatisha, kisha anaanza tena. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikafika, nikajiambia nitasema akishakunywa chai. Alikunywa chai. Nikajiambia nitasema akishapumzika. Niliogopa nini? Bibi hakuwahi kunipiga. Niliogopa tu kuona uso wake ukibadilika kwa ajili yangu, na kwa ajili hiyo niliacha maisha yake yaharibike mbele ya macho yangu.

Jumamosi asubuhi jirani alikuja peke yake. Hakuja na kamba ya ng'ombe. Mkononi alikuwa na jani la isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani, limefungwa fundo. Watu wa mlimani hawahitaji maelezo. Anayekuletea isale amekiri kosa na anaomba msamaha, na wewe unayeletewa huwezi kukataa, hata kama amekuulia mtoto. Hata mimi mtoto wa mjini nilijua.

Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mbele ya kigoda cha bibi. Bibi alikuwa mkubwa kwake kwa miaka ishirini, lakini yeye naye alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto wakubwa, na kupiga magoti kwake hakukuwa kitu kidogo. Alisema kwa Kiswahili, polepole, na sikujiuliza kwa nini alichagua Kiswahili:

"Mama, nisamehe kwa ajili ya paka."

Bibi hakulipokea jani mara moja. Alikaa nalo mbele yake kwa muda mrefu. Jirani alibaki magotini. Nilikuwa nimesimama kati ya mlango na ng'ombe, paka ameniegemea mguuni na vitambaa vyake. Niliutazama moto. Nilisoma maandishi ya kwenye gunia la mashudu, nikayarudia. Hatimaye bibi akavuta pumzi, akanyoosha mikono miwili, akapokea.

Nilishukuru. Hiyo ndiyo aibu ninayoianika hapa: nilifurahi. Nilijiambia mambo yameisha, ng'ombe amebaki, wanakunywa chai, hakuna aliyeumia. Jumatatu yake baba alikuja kunichukua. Bibi alinibariki kwa mate kidogo kifuani kama kawaida yake, lakini hakuniambia nirudi Desemba, neno alilozoea kumwambia kila mjukuu. Nilidhani amesahau.

Paka alipona, akachechemea. Bibi aliishi miaka sita mingine, na katika miaka hiyo nilikwenda kwake mara tatu, kila mara na zawadi kubwa na haraka nyingi. Habari ya paka hatukuigusa. Alipofariki nilikuwa nimeajiriwa, nilifika na gari la kukodi na blanketi la kumzikia.

Baada ya mazishi, mlango wa jiko la bibi ukiwa wazi na wanawake wakisonga na kugawa chakula uani, nilimwona jirani amekaa peke yake ndani, penye mafiga yasiyo na moto. Alikuwa amezeeka. Niliingia, nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini, na kabla sijapata nafasi ya kupanga maneno nikamwambia: mama, aliyemuunguza yule paka ni mimi.

Alinitazama kama mtu aliyeletewa barua aliyokwisha kuisoma.

"Najua," alisema. "Maji hayaunguzi ndevu za paka. Huyo alikuwa hana ndevu, na nyusi zimejikunja kwa moto. Bibi yako amepika miaka sitini, unafikiri hakuona?"

Nikamuuliza ni lini bibi aliona. Akasema siku ya tatu, alipokuwa anambadilisha vitambaa mchana. Lakini alikuwa ameshatukana mtu mpakani, watu wameshasikia, na ili ajitoe ilibidi aseme kwamba mjukuu wake ni mwongo. Hakuweza. Alimtuma mtu kwa siri amwambie jirani kwamba amekwama, na hajui afanye nini. Basi jirani akaenda kwenye mpaka akakata isale.

"Nilimtoa mama mahali alipokwama," alisema. "Na nilikaa pale magotini nikikusubiri. Yeye naye alikusubiri, ndiyo maana hakupokea upesi. Nilisema Kiswahili ili uelewe."

Nililia, na kulia nako kulinitia aibu, kwa sababu ni yeye aliyenishika bega. Nikamwambia niambie nifanye nini, nitafanya chochote. Nilikuwa na maana ya blanketi, nguo, kitu cha kununua. Alicheka kidogo. Akasema watoto wake wameoa na kuolewa, na mpaka leo wajukuu wake wakigombana shuleni huitwa wajukuu wa Maji ya Moto. Akanyoosha kidole nje, kwenye uwanja uliojaa watu wa ukoo, wa jumuiya, baba yangu akiwa katikati.

"Mimi usiniambie. Waambie hao."

Nilifuta uso, nikatoka. Wakati huo mzee wa ukoo alikuwa anauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kufunga. Nilinyoosha mkono. Watu wote wakanigeukia, na kwa pembeni nilimwona jirani amesimama mlangoni kwa bibi, ameshika mwimo. Nilifungua mdomo. Nikashukuru majirani kwa niaba ya wajukuu, kwa upendo na ushirikiano wao, nikasema Mungu awabariki, nikasema pia gari langu ni la kukodi na ukungu unashuka, hivyo naomba ruhusa niwahi mjini.

Wakapiga makofi. Baba alijivuna, akamwambia aliyekaa karibu naye kwamba huyu ndiye aliyemuuguza bibi wakati wa baridi ile. Nilipofika kwenye gari, jirani alikuwa amenitangulia. Alikuwa amenifungia mkungu mdogo wa ndizi kwa majani makavu ya mgomba, akauweka kwenye kiti cha nyuma, akaniambia niende salama.